Andika saa: nilichojifunza mdogo wangu alipolala mahabusu siku 4

Kama uko mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, na ndugu yako amekamatwa sa hivi, usisome yote haya kwanza. Tafuta kalamu uandike: saa ngapi, wapi, nani kamchukua, wamempeleka kituo gani. Ukimaliza urudi hapa.

Nasema hivo kwa sababu mi sikuandika. Mdogo wangu anavua dagaa huku upande wetu wa Ilemela, Mwanza, siku moja alfajiri ya Alhamisi wanarudi kutoka ziwani wakakutana na doria, wakaambiwa nyavu zao macho yako chini ya milimita 8, nyavu zikachukuliwa, injini ikachukuliwa, yeye na vijana wake wawili wakapakiwa kwenye gari. Sitetei nyavu hapa. Zina kosa au hazina, hilo lilikuwa la hakimu kuamua, na ndo maana nilitaka afikishwe kwa hakimu.

Ijumaa nikaambiwa mpelelezi yuko nje. Jumamosi nikaambiwa faili halijakamilika. Jumapili nikaambiwa mama, leo mahakama haikai, na kweli haikai. Kituo chenyewe silitaji jina. Kila mchana nilipeleka ugali kwenye hotpoti, inapokelewa dirishani, jioni hotpoti inarudi tupu, na hiyo hotpoti tupu ndo ilikuwa habari pekee niliyokuwa nayo kwamba mdogo wangu yupo na anakula.

Jumapili jioni nikamwendea mama mmoja tunayesali naye, ni msaidizi wa kisheria. Hawa watu wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni bure, hawasimami mahakamani kama wakili ila wanajua mlango wa kugonga. Nilianza kumweleza huku nalia, akaniacha nikamaliza, halafu akauliza, "Mayu, walimkamata saa ngapi?" Nikasema asubuhi. "Asubuhi ya saa ngapi?" Nikakaa kimya. Akauliza tena, injini walikupa karatasi? Hapana. Askari aliyepokea chakula Ijumaa anaitwa nani? Sijui.

Nikakumbuka kauntabuku yangu. Nauza dagaa Mwaloni Kirumba na kila kitu naandika humo, magunia, madeni, nauli. Tukaifungua, na kwenye ukurasa wa Alhamisi, katikati ya hesabu za magunia, nilikuwa nimeandika "11:40 nimempigia hapatikani, 12:15 kijana wa BMU kasema wamechukuliwa" (BMU ni kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni). Yule mama akaweka kidole kwenye ule mstari akasema hii ndo barua yetu.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema mtu aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya masaa 24, na kama haiwezekani basi mkuu wa kituo amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa liwe zito. Sasa masaa 24 yanahesabiwa kuanzia lini kama hakuna aliyeandika saa ya kwanza? Halafu kuna hili ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia maishani, kumhoji mtuhumiwa nako kuna muda, masaa 4 ya kawaida tangu awe chini ya ulinzi, yakizidi lazima yaongezwe kwa utaratibu. Mahakama ya Rufani imeshaondoa maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, kwenye kesi nzito kabisa kwa sababu yalichukuliwa nje ya muda. Yaani saa tu. Kwa hiyo mtu akikwambia haki za binadamu ni maneno ya semina, mwambie kuna majaji wamekaa na saa ya kukamatwa na saa ya kuhojiwa mezani wakaangalia tofauti.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa kituo, kwa Kiswahili cha kawaida bila matusi na bila vitisho: fulani amekamatwa tarehe hii, saa hii, mahali hapa, hadi leo masaa zaidi ya 90 hajafikishwa mahakamani, tunaomba afikishwe au apewe dhamana. Nakala mbili. Jumatatu saa 2 asubuhi nikaipeleka, afande wa mapokezi akataka kubaki na zote, nikamwomba kwa heshima anigongee muhuri nakala yangu na aandike saa. Akaniangalia kwa muda hivi, akagonga. Sijui niseme nini kuhusu ule muhuri, mikono yangu ilikuwa inatetemeka lakini nilitoka pale nikiwa mtu mwingine. Saa 6 mchana mdogo wangu alikuwa mbele ya hakimu. Shtaka likasomwa, dhamana ikawa wazi, wadhamini wawili wenye barua ya mtendaji na kitambulisho, tukatoka naye jioni. Dhamana hailipiwi, kama kuna mtu anakudai hela ya dhamana kituoni hiyo siyo dhamana.

Ingekuwa wamekataa kwamba wanaye, hatua ilikuwa Mahakama Kuu. Kuna ombi wanasheria wanaliita habeas corpus, mahakama inamwamuru anayemshikilia mtu amlete na aeleze kwa sheria ipi anamshikilia. Hapo tafuta wakili, usiende mwenyewe.

Baada ya hapo nikawa nasoma kila ninachopata, nikakuta mambo ambayo sisi wa Mwanza tungepaswa kuwaambia watoto wetu. Haki za msingi ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, ila serikali ilipewa muda wa kujipanga na mtu hakuweza kuzidai mahakamani mpaka Machi 1988. Na mahakama zilizozitumia mapema ni pamoja na Mahakama Kuu hii ya kwetu Mwanza, kwa Jaji James Mwalusanya. Kwenye kesi ya Daudi Pete alisema kifungu kilichozuia dhamana kwa unyang'anyi kinavunja Katiba, serikali ikakata rufaa, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba kifungu kile kinakwenda kinyume na Katiba. (Leo bado mauaji, uhaini, unyang'anyi wa silaha na mengine kadhaa hayana dhamana, usije ukadanganyika kwa kusoma nusu.)

Ila iliyonigusa zaidi ni ya mama wa Muleba, wanasheria wanaiita Ephrahim dhidi ya Pastory. Mama amerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, amezeeka, hana wa kumtunza, mwaka 1988 akaliuza shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Mtoto wa ndugu yake akaenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hauzi shamba la ukoo, na mahakama ile ikamkubalia. Mahakama ya Wilaya Muleba ikageuza. Ikaja Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo ni ya kibaguzi, mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanaume. Fikiria huyo mama na umri ule, ngazi tatu za mahakama. Na angalia alikuwa ameshika nini mkononi: wosia. Angekuwa na maneno ya mdomo tu ya marehemu baba, sidhani kama tungemsoma leo.

Ukishindwa Mahakama ya Mwanzo una siku 30 za kukata rufaa Wilayani. Watu wengi huku wanazimaliza wakilaumu tu nyumbani, nakuomba usifanye hivo.

Kuhusu injini. Kesi iliisha kwa faini, nyavu zikateketezwa, lakini injini haikuwemo kabisa kwenye orodha ya vielelezo. Kituoni kila mtu anauliza injini gani. Wanapochukua mali lazima waandike na wakupe nakala usaini, na sisi hatukudai. Kilichotuokoa ni risiti ya kununulia yenye namba ya injini, ilikuwa imekunjwa ndani ya bima ya afya ya mke wake. Nikaandika barua tena kwa mkubwa wao wa wilaya, nakala Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, wana ofisi hapa Mwanza na kulalamika kwao ni bure. Tume haitoi hukumu kama hakimu, inachunguza na kutoa mapendekezo, na ikibidi Katiba inairuhusu kufungua kesi, ila jambo likiwa tayari mahakamani hawaliingilii, kwa hiyo nilisubiri kesi iishe kwanza.

Baada ya wiki 5 tukapigiwa simu injini imeonekana stoo. Mfuniko wa tangi haukuwepo. Kabla ya kusaini nikaomba waandike hilo kwenye karatasi ya makabidhiano, wakaandika, nikapiga picha karatasi na injini pamoja, na kwenye kauntabuku nikaandika saa: 8:20 mchana.