Mahindi matupu hayakuzi kinda

Ndugu yangu wa Kisauni, umeuliza mbona makinda wa njiwa wako wanadumaa ilhali wazazi wao hawakosi mahindi. Anza na wazazi wenyewe. Yai hujengwa kwa akiba ya mama: vitamini, chokaa na protini. Mahindi peke yake yana upungufu wa yote hayo. Changanya na kunde, pojo na mtama, na uwawekee maganda ya kome au ya mayai yaliyopondwa.

Kisha kuna hofu, na hapa ndipo wafugaji wengi hawaangalii. Ndege akitishwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya kotikosteroni. Kwa jike anayetaga, sehemu yake huingia kwenye kiini cha yai. Kwa kware wa Kijapani imeonekana kwamba homoni hiyo ikizidi kwa mama, vifaranga hukua polepole na wakiwa wakubwa miili yao huimwaga homoni hiyo kwa wingi zaidi wakitishwa. Njiwa tena, baba na mama, huwalisha makinda maziwa yanayotoka kooni, na maziwa hayo yanategemea prolaktini, homoni ambayo hofu inaweza kuishusha.

Nimeliona kwangu Kibokoni. Paka alikuwa akirukia waya wa banda usiku. Asubuhi nilimshika kinda wa siku 3, shingo chini ni ngozi tupu iliyolegea, hakulishwa kitu. Nilihamisha banda juu darini, nikafunika upande mmoja kwa gunia. Makinda waliofuata nikiwagusa kifuani asubuhi wamejaa, wana joto.

Banda lako liko wapi, na kunguru wanalifikia?