Tulivyomweka Marie Curie jukwaani hapa Dar

Mkuu mleta mada, umesema kikundi chenu cha vijana hapo Tabata kinaandika mchezo wa kuigiza juu ya maisha ya Marie Curie, yule mwanasayansi aliyegundua radiamu, mmefika ukurasa wa 60 na hata tuzo ya Nobel ya kwanza hamjaigusa. Umeuliza pia mtaonyeshaje sayansi jukwaani wakati maabara hamna. Nimeongoza mchezo wa mama huyo huyo mara mbili na kikundi chetu cha Sinza, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu, maana hapo mlipokwama ndipo nasi tulipokwama.

Mara ya kwanza tulichemka. Tulianza na kuzaliwa kwake Warsaw mwaka 1867, tukaenda naye hatua kwa hatua mpaka kifo chake 1934. Msimulizi alisimama pembeni akitaja miaka, waigizaji wakaingia na kutoka. Saa mbili na nusu. Nilikaa safu ya nyuma kabisa nikaona simu zinawaka moja baada ya nyingine, kisha watu wakaanza kuinuka taratibu, wameinama, wanaomba radhi kwa wenzao huku wanapita. Hakuna aliyezomea. Usiku ule nililala na mawazo, kwa sababu yule mama anastahili kutazamwa hadi mwisho, na sisi ndio tuliomfanya achoshe.

Tulipokaa upya tuliamua kuacha wasifu. Tukachagua siku chache tu za maisha yake, zile ambazo mtu anaweza kuziona kwa macho bila kuelezwa. Onyesho la pili lilikwenda saa moja na dakika kumi.

Tulifungua na dada wawili, Bronia na mdogo wake Maria, ndiye huyo Marie wetu, bado wako Poland iliyokuwa chini ya Warusi. Chuo kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake, na baba hakuwa na fedha. Wakapatana hivi: Maria afanye kazi ya kufundisha watoto kwenye nyumba za watu, atume hela Paris Bronia asomee udaktari, na Bronia akishasimama amvute mdogo wake. Maria alifika Paris mwaka 1891, akiwa anakaribia miaka 24. Mkuu, kwa watazamaji wa hapa kwetu tukio hilo halihitaji maelezo hata kidogo. Kila mtu ukumbini ama amesomeshwa na ndugu, ama anamsomesha. Msiliweke kama utangulizi, lipeni nafasi.

Sasa banda. Hapa ndipo mchezo wote unapolala au unaposimama. Marie na mumewe Pierre walifanya kazi kwenye banda bovu la shule ya fizikia na kemia, mtaa wa Lhomond, paa la vioo linavuja, zamani lilitumika na wanafunzi wa udaktari kupasulia maiti. Halikuwa na bomba la kutolea hewa chafu, kwa hiyo kazi za moshi Marie alizifanyia uwani. Alichemsha mabaki ya madini ya urani, kilo hadi 20 kwa mkupuo, akikoroga kwa nondo inayokaribia urefu wake mwenyewe. Walitangaza elementi mbili mpya zinazotoa mionzi, poloniamu na radiamu, mwaka 1898, lakini wanakemia walitaka kuiona hiyo radiamu yenyewe. Akakoroga mpaka 1902, tani kwa tani, ndipo akapata sehemu moja ya kumi ya gramu ya kloridi ya radiamu.

Sisi tulimwendea mama mmoja anayepika kwenye shughuli, akatuazima sufuria yake kubwa ya pilau. Fundi wa kuchomelea akatukatia nondo. Moto hatukuwasha, ukumbi haukuruhusu, lakini ndani tulijaza maji, mchanga na udongo mwekundu, uzito wa kweli kabisa. Hilo msilikwepe. Mwigizaji akikoroga sufuria tupu mabega yanamsaliti, na akina mama waliokaa mbele wanajua sufuria nzito inakorogwaje, watamwona papo hapo. Binti yetu alikoroga dakika sita bila neno. Sauti ilikuwa ya nondo inayokwaruza chini ya sufuria, basi. Dakika ya tatu niliogopa nikataka kuwaashiria wa taa wakate. Mara sauti ya mama mtu mzima ikatoka gizani: "Pole na kazi, mwanangu." Ukumbi mzima ukatulia. Hapo nikajua wamo ndani.

Ile sehemu moja ya kumi ya gramu tuliionyesha kwa chumvi. Pierre anaweka karatasi nyeusi mezani, Marie anadondosha punje chache zinazobanwa kwa vidole viwili. Sufuria iko pale pale, imejaa. Msimulizi hakuhitajika.

Kuhusu kung'aa. Marie na Pierre walikuwa wanarudi bandani usiku kutazama vichupa vyao vinavyotoa mwanga gizani, na mwanga wenyewe ulikuwa wa bluu hafifu. Lile kijani la filamu liacheni. Mwenzetu mmoja alipendekeza tukanunue tasbihi zinazong'aa gizani tuzikate shanga. Mzee wetu wa maleba alikataa, na alikuwa sahihi, kitu cha ibada hakikatwi kwa ajili ya mchezo. Tukapata Kariakoo zile nyota za plastiki za kubandika kwenye dari za vyumba vya watoto, tukatafuta za bluu, tukazikatakata na kuzitia kwenye chupa ndogo za dawa. Za bluu mwanga wake ni dhaifu kuliko za kijani na unakufa haraka, kwa hiyo kuwe na mtu nyuma ya pazia anayezimulika kwa tochi ya simu mpaka sekunde ya mwisho. Kisha giza totoro, hata taa ya mlango wa choo ifunikwe.

Tukio lililotutesa kwenye mazoezi ni la Novemba 1906. Aprili mwaka ule Pierre aligongwa na mkokoteni wa farasi akafa hapo hapo. Chuo cha Sorbonne kikampa Marie masomo ya mumewe, na siku ya kwanza watu walifurika kumtazama mjane. Akaingia, akaanza somo pale pale Pierre alipoishia. Hakumtaja. Mwigizaji wetu alitaka kulia, tena alilia vizuri sana, nilipata shida kumkatalia. Tukajaribu njia zote mbili mbele ya wenzetu. Alipolia, walimhurumia. Alipojikaza akashika chaki na kuendelea, waliokuwa wanamtazama ndio waliolia. Watu wetu wamekaa misibani, wanajua mtu anayejikaza anafananaje.

Nobel ya 1903 ya fizikia na ya 1911 ya kemia tulizipitia kwa barua mbili tu zinazosomwa. Magari yake ya eksirei ya vita ya 1914 tuliyaacha, ingawa yanatosha mchezo mwingine mzima.

Lugha: msihamishe Paris kuileta Magomeni, iacheni Paris iwe Paris, ila watu waongee Kiswahili kinachopumua. Skripti yetu ya kwanza ilikuwa na "Bibi Curie" kila mstari. Kwenye onyesho la pili jirani anapita uwani anamwita "Mama Irène", na watu wakamfahamu mara moja, kumbe ana mtoto nyumbani. Neno "mionzi" linatosha, msifundishe chembe za atomu jukwaani.

Kibali kianzeni mapema. Michezo ya jukwaani iko kwenye sheria moja na filamu, ile ya 1976, na wakaguzi watataka skripti iliyokamilika, kwa hiyo kurasa 60 zisizo na mwisho hazitawasaidia.

Jambo jingine ambalo sikulitegemea. Baada ya onyesho mama mmoja alinifuata mlangoni, akaniuliza kama mionzi ya yule mzungu ndiyo ile ya Ocean Road. Dada yake alitibiwa pale kansa ya shingo ya kizazi. Nikamwambia tiba ya kuweka chanzo cha mionzi ndani ya mwili ilianza na radiamu yake, siku hizi hospitali hutumia vyanzo vingine, lakini mwanzo wake ni kule bandani. Akauliza, "Na yeye mwenyewe ilimfanyaje?" Nikamwambia uboho wake uliacha kutengeneza damu, akafa akiwa na miaka 66. Alinyamaza kidogo, akasema kwenye mchezo hatukuonyesha mikono yake. Ni kweli, vidole vya Marie viliungua na kukakamaa kwa miaka mingi ya kushika vile vichupa, na binti yetu alipanda jukwaani na mikono misafi. Nyinyi lirekebisheni hilo.

Sufuria ilirudi kwa mwenyewe, ila nondo bado ninayo nyumbani Sinza. Mkiitaka niandikie pembeni, mje na pikipiki yenye mtu wa kuishika, ni ndefu.