Maswali na majibu: "Haijawahi kunyesha hivi" kwa mujibu wa daftari lipi?

Mvua zimenyesha Dar, na maswali yamekuja nazo. Wanaouliza El Niño inakuja lini nimewaruka. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutoa utabiri wa kila msimu, tena bure, someni.

Eti mvua ya Jumamosi haijawahi kunyesha Dar tangu dunia iumbwe? (Msomaji, Sinza)

Dunia ilipoumbwa hapakuwa na mtu wa kupima. Ukitaka kusema "haijawahi", nitajie kituo, milimita, na mwaka ambao daftari la kituo hicho lilianza. Ukikosa kimojawapo una malalamiko, huna rekodi. Kipimo kinachonukuliwa sana ni cha uwanja wa ndege, na jiji hili mvua inaweza kuizamisha Tegeta huku Kipawa watu wanaanika nguo. Kina cha maji barabarani nacho si kipimo cha mvua. Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 40 na waathirika wakahamishiwa Mabwepande, mvua ilikuwa kubwa kweli. Lakini maji yakifika dirishani Jangwani, uliza pia nani alijenga bondeni na nani alitupa taka Mto Msimbazi. Mtaro ulioziba hauandikwi kwenye rejista ya mvua.

Simu yangu ilionyesha nyuzi 39 Kariakoo. Ni rekodi? (Msomaji, Ilala)

Hapana. Simu haikupima hewa ya Kariakoo, imeletewa makadirio, na mara nyingi namba ya namna hiyo ni joto linavyosikika mwilini, unyevu ukiwa umeshatiwa humo. Swali la namna hii naomba liwe la mwisho.

Shikamoo mzee. Bibi anasema Unguja iliwahi kupigwa na kimbunga, wajukuu tunamcheka. (Msomaji, Mbagala)

Marahaba. Kamwombeni radhi. Tarehe 15 Aprili 1872, Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, akiwa hajamaliza hata miaka miwili ya utawala, kimbunga kiliipiga Unguja. Kilizamisha meli zake na kung'oa minazi na sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika, na hiyo ni sababu mojawapo ya karafuu kuhamia kwao. Hata meli Glasgow, ile iliyozamishwa na Waingereza mwaka 1896, iliundwa baada ya Sultani kupoteza zile za mwanzo. Haya tunayajua kwa barua na taarifa za watu waliokuwepo, kwa hiyo mtu akikutajia kasi ya upepo wa siku ile kwa desimali, mkimbie.

Lindi nayo ilipigwa Aprili 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaingia kupitia Mafia. Dalali anayekuuzia kiwanja cha ufukweni kwa maneno kwamba pwani yetu haijui vimbunga, mwulize amesoma wapi.

Rekodi ya joto duniani si nyuzi 58, Libya? (Msomaji, Tanga)

Ilifutwa mwaka 2012. Aliyesoma kipimajoto mwaka 1922 alikisoma vibaya, na hilo lilibainika kwa sababu fomu yenye mwandiko wake ilikuwa bado ipo.

Marehemu baba alifanya kazi shamba la mkonge. Ameacha daftari la vipimo vya mvua, limeliwa na mchwa. Tulichome? (Msomaji, Korogwe)

Dada yangu, usiguse kiberiti! Mashamba na misheni ndiyo yaliyopima mvua mahali serikali haikuwa na kituo. Mpaka 1977 hali ya hewa ilikuwa kazi ya pamoja ya Afrika Mashariki, makao makuu yakiwa Nairobi. Jumuiya ikavunjika, kila nchi ikashika lake. Vipimo vingi vya enzi ya Wajerumani vimehifadhiwa Hamburg. Mwanafunzi wa Kitanzania anayetaka kujua mvua ya kwao ya miaka 120 iliyopita anaiandikia barua Ujerumani, nasi tunauliza kama tuchome daftari lililo mkononi!

Piga picha kila ukurasa, na jalada, na hata maandishi ya pembeni. "Chombo kimepinduliwa na mbuzi" ni taarifa muhimu kuliko namba iliyo mbele yake. Usibandike selotepu, itakula karatasi. Ukikuta 2.35, hizo ni inchi, yaani karibu milimita 60; usizigeuze juu ya maandishi ya mzee, andika kwako pembeni. Na nafasi iliyoachwa wazi usiijaze sifuri. Sifuri maana yake alikwenda kuangalia akakuta pakavu. Wazi maana yake hatujui. Kisha wapelekee TMA nakala, na daftari lenyewe lisitoke mkononi bila hati ya mapokezi.

Nataka kupima mwenyewe Upanga. Nikiweka chombo juu ya paa, sawa? (Msomaji, Upanga)

Si sawa, upepo wa paani utakunyima mvua. Kiweke chini, mbali na ukuta walau mara mbili ya kimo cha ukuta huo. Soma saa 3 asubuhi kila siku, jicho likiwa usawa wa maji, ukifuata sehemu ya chini ya mbonyeo wake. Kwa kuwa siku ya mvua inakatwa saa 3, mvua ya usiku mmoja hubeba tarehe ya jana kwenye kitabu hiki na ya leo kwenye kile. Chagua utaratibu mmoja, uuandike jaladani. Pakiwa pakavu andika 0.0. Ukisafiri, mwachie jirani mwenye saa, si kijana anayeamka saa tano.