Simbilisi haburuti miguu bure: angalia anachokula

SWALI: Daktari, shikamoo. Niko Igoma, Mwanza. Wanangu wanafuga simbilisi watatu kwenye banda la mbao lenye sakafu ya waya, nyuma ya nyumba. Tunawapa pumba na chakula cha kuku wa mayai, majani tukiyapata. Tangu juzi mmoja anaburuta miguu ya nyuma na akishikwa analia. Jirani kaniambia nimpe amoksilini iliyobaki nyumbani. Nimpe kiasi gani?

JIBU: Marahaba, mama. Amoksilini usimpe hata chembe. Utumbo wa simbilisi unategemea bakteria wanaomsaidia kumeng'enya majani. Amoksilini, ampisilini na ndugu zao wa jamii ya penisilini huwaua hao, na wale wanaotoa sumu hupata nafasi ya kuzaliana. Mnyama huharisha na anaweza kufa ndani ya siku chache. Kama umeshampa, acha, na umfikishe kwa daktari wa mifugo leo hii.

Kwa chakula ulichokitaja, ninachokishuku kwanza ni upungufu wa vitamini C. Mwili wa simbilisi hauwezi kuitengeneza, kama wetu usivyoweza. Kuku huitengeneza mwenyewe, kwa hiyo chakula chake hakikupangwa kumtosheleza mnyama asiyeweza. Tena chakula hicho mara nyingi kina dagaa ndani, na simbilisi ni mla majani tu. Akikosa vitamini hiyo kwa wiki mbili tatu, damu huanza kuvuja kwenye viungo, magoti yanavimba, fizi zinatoka damu na manyoya yanakuwa makavu. Anaburuta miguu kwa sababu ya maumivu. Mshike kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, kisha papasa magoti taratibu ulinganishe na ya mwenzake mzima.

Nunua duka la dawa vidonge vya vitamini C vitupu. Multivitamini usichukue, wala vile vya kuchemka kwenye maji. Saga kidonge kimoja cha miligramu 100, kiyeyushe kwenye mililita 2 za maji safi. Hapo kila mililita ina miligramu 50. Simbilisi wa gramu 800 hivi mpe mililita 1 kwa siku kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukiliingiza pembeni ya mdomo, nyuma ya meno ya mbele. Sukuma kidogo kidogo, umsubiri ameze, la sivyo maji yataingia kwenye mapafu. Endelea kwa wiki mbili, na kila siku tengeneza mpya. Usiiweke kwenye maji ya kunywa: huharibika upesi, na huwezi kujua kila mmoja kanywa kiasi gani.

Nafuu huanza kuonekana ndani ya wiki moja. Isipoonekana, au miguu imelegea kabisa bila maumivu, huenda alianguka akaumia mgongo. Akitoa udenda, magego huenda yamerefuka. Hayo yote ni ya daktari. Na mnyama aliyepitisha nusu siku bila kula kabisa asingojee kesho, maana utumbo wake ukisimama ni vigumu kuuamsha.

Sasa wale wawili wengine, ambao nao wako njiani kuugua. Majani ndiyo chakula chenyewe, yawepo bandani usiku na mchana: ukoka, mabingobingo machanga, majani ya mahindi. Meno yao hayaachi kukua, na pumba haiyasagi. Kata majani kwenye miinuko, usikate kwenye madimbwi na tope la ufukweni ziwani, kwani huko hubeba vimelea vya minyoo ya ini. Yakiwa na maji ya mvua, yatandaze kivulini kwanza. Yakirundikwa yakapata joto huchacha na kuwajaza gesi tumboni.

Vitamini ya kila siku waipate kwenye pilipili hoho: robo ya hoho ya wastani, kama gramu 30, inamtosha mkubwa mmoja. Siku hoho zikipanda bei sokoni, kipande cha pera chenye ukubwa wa kidole gumba kinafaa, ila lina sukari, lisiwe la kila siku. Matembele na sukuma wiki ni sawa. Mchicha uwe mara moja moja, usije ukawaletea mawe kwenye kibofu. Kisamvu kibichi, parachichi, vitunguu na majani ya nyanya au viazi mviringo wasiguse.

Waya huchubua nyayo, vidonda vikaingia hadi kwenye mfupa. Weka ubao juu yake, kisha nyasi kavu kina cha sentimita 5, na uondoe zilizolowa kila siku. Watatu wanahitaji angalau mita moja ya mraba.

Joto likipita nyuzi 28 linaweza kuwaua, na chini ya bati mchana wa Mwanza hapafai. Banda lisiegemee jabali linalopigwa na jua la alasiri, kwa kuwa jiwe linaendelea kutoa joto hata giza likiingia. Chini ya mwembe panafaa, mradi usiku waingizwe ndani, mbali na paka, nyoka na siafu.