Umeniuliza kuhusu vodevili na baleski

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unataka kujua vodevili na baleski, aina mbili za maonyesho ya jukwaani ya zamani huko Marekani, zilitofautiana wapi, maana ulikosoma wamekuambia tu kwamba moja ilikuwa ya heshima na nyingine ya wanawake kuvua nguo. Jibu hilo limeniuma. Linawafuta wasanii wengi hodari.

Anza na jukwaa lenyewe. Kwenye vodevili kila msanii alikodiwa kivyake. Alipanda, akafanya lake kwa dakika 10 au 15, akashuka, basi. Mara nyingi waliofungua ni wanasarakasi au wanyama waliofunzwa: watu bado wanaingia, wanatafuta viti, na mchezo usio na maneno hauharibiwi na kelele. Nyota aliwekwa wa pili kutoka mwisho. Wa kufunga alicheza huku watu wakivaa makoti waondoke, na mimi humwonea huruma huyo hadi leo.

Baleski lilikuwa kundi moja, likisafiri pamoja msimu mzima. Mchekeshaji uliyemwona mwanzo ulimwona tena kwenye kichekesho cha pili, na cha tatu, kila mara kwa sura nyingine. Kwa hiyo walinolewa kwelikweli. Mchekeshaji Bert Lahr alipitia huko, na mwenzake Fanny Brice pia. Lydia Thompson alipotua New York mwaka 1868 na kundi lake kutoka Uingereza, kilichovuta watu ni wanawake kuigiza wanaume, kwa mavazi ya kubana miguu yaliyozua kelele, huku wakifanyia dhihaka hadithi za kale. Kuvua nguo jukwaani kulikuja miaka mingi baadaye, na mwaka 1937 serikali ya jiji la New York ikazifunga kumbi za baleski.

Heshima ya vodevili nayo ilikuwa na hesabu zake. Tony Pastor, mwenye ukumbi wa vodevili, alitaka akina mama na watoto nao wakate tiketi. Kumbi za B. F. Keith zilibandika makatazo nyuma ya jukwaa, hata kwa maneno ambayo leo hakuna angeyaita matusi.

Tafuta filamu ya wachekeshaji wawili, Abbott na Costello, pale wanapobishana juu ya wachezaji wa besiboli. Mmoja anauliza nani yuko kituo cha kwanza, kumbe jina la mchezaji ni Nani. Sikiliza wanavyodakana maneno bila kupumua. Mchezo wa namna hiyo ulizaliwa baleski.

Mama yako