Bia ya Baada ya Zamu: Maneno kwa Wauguzi Wenzangu

Tunapozungumzia wauguzi na pombe, mazungumzo huanza kwa kuhesabu chupa. Kwa miaka niliyofanya kazi katika wodi ya wazazi nimefikia mtazamo mwingine: kabla ya kuuliza muuguzi amekunywa kiasi gani, tuulize amekunywa siku ipi, na siku hiyo wodini kulitokea nini.

Wingi wa kazi huchosha, lakini uchovu wa mwili huishia kitandani. Kinachompeleka mtu baa akiwa bado na viatu vya kazi miguuni ni jambo aliloliona na akakosa mahali pa kuliweka. Mama ametokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, mmekimbizana na chupa za damu na oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba ili damu ikome, amefariki, na kabla hujamaliza kunawa mikono mzazi wa kitanda cha pili anaita. Baadaye kitaitishwa kikao cha kupitia kifo hicho, na kitauliza damu iliombwa saa ngapi, daktari aliitwa saa ngapi na nani alikuwa zamu. Ni maswali ya lazima, na sitaki yaondolewe. Hata hivyo, sijawahi kukaa katika kikao kilichomuuliza muuguzi aliyekuwa ameshika mkono wa marehemu kama usiku ule alilala.

Meza ya baa huuliza. Hapo mwenzako anakwambia, "Pole kwa ya leo, sista," na unasimulia. Ndiyo maana anayeamua kuacha pombe bila kutafuta watu wengine wa kumwambia pole hurudi upesi, kwa kuwa alichokuwa akikifuata hakikuwa bia peke yake. Wanaume walau wana meza hiyo hadharani. Muuguzi mwanamke, hasa katika miji midogo ambako kila mtu ni ndugu wa mgonjwa wake, hununua chupa, akaifunga kwenye mfuko mweusi na kunywa akiwa amefunga mlango, na kwa hiyo hupata pombe pasipo pole. Naamini huyo yuko katika hatari kubwa zaidi, hata kama anakunywa kidogo kuliko wenzake wa baa.

Kanuni ninayoifuata, na ambayo wengi hushangaa wakiisikia, ni kwamba siku mbaya ndiyo siku ya kutokunywa kabisa. Nikipenda kunywa, nitakunywa kwenye harusi au nikiwa mapumzikoni, wala si siku tuliyopoteza mama au mtoto. Ubongo hujifunza haraka kwamba huzuni ina dawa yake, na ukishajifunza hivyo utadai dawa hiyo kila mara. Siku kama hizo mimi na mwenzangu mmoja tuna makubaliano: baada ya kukabidhi ripoti tunabadilisha sare, tunaketi kwenye benchi la nje, na kila mmoja anasema kilichomuumiza bila kukatizwa na bila kutaja jina la mgonjwa. Kisha tunakula. Usidharau chakula, maana muuguzi aliyeshinda na chai ya saa nne asubuhi tu huwa na tamaa ya pombe ambayo kwa kiasi kikubwa ni njaa.

Sasa hesabu, kwa kuwa sisi ni watu wa dozi. Chupa ya nusu lita ya bia yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi, na ini la mtu mzima kwa kawaida huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Aliyeanza saa 2 usiku na kunywa chupa nne anaweza kuwa bado na pombe mwilini inapokaribia saa 1:30 asubuhi, wakati tunapopokea ripoti na kuanza kupiga hesabu za dripu. Kahawa, maji baridi na supu ya asubuhi haviongezi kasi ya ini hata kidogo. Usingizi nao huharibika: pombe huwahisha kusinzia, lakini nusu ya pili ya usiku hukatikakatika, na unaamka umechoka kama hukulala. Wanaotoka zamu ya usiku na kunywa asubuhi ili walale mchana hujilipisha gharama hiyo mara mbili. Wapo pia wanaoongeza kidonge cha diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Dawa hiyo na pombe kwa pamoja hudidimiza upumuaji, na hakuna muuguzi asiyelijua hilo.

Ukiwa na shaka, jipime kwa dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani lenye maswali kumi kuhusu unywaji wa pombe, lile lile tunalowauliza wagonjwa. Alama 8 au zaidi zinatosha kukupeleka kwa mtaalamu. Lakini ikiwa mikono hutetemeka asubuhi mpaka upate kinywaji, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani, kwani degedege linaweza kukupata ndani ya siku mbili za kwanza. Kuacha kwa namna hiyo kunahitaji daktari, dawa za kutuliza na thiamini, yaani vitamini B1. Wengi huogopa kwamba siri itafika kazini. Nenda hospitali ya wilaya nyingine kama itakupa amani, na ukumbuke kwamba wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa unakulinda na wewe unapokuwa mgonjwa.

Wakuu wa wodi nao wana sehemu yao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuchoshwa na kazi kuwa jambo linalotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa vizuri, wala halikuliita ugonjwa wa mfanyakazi. Kwa hiyo, unapopanga ratiba ya mwezi ujao, usimrudishe asubuhi mtu aliyetoka zamu ya jioni, na penye kifo mpe muuguzi aliyekuwepo dakika kumi za kutoka wodini huku mwingine akishika vitanda vyake. Kwetu matroni alikubali hilo bila barua wala bajeti, na vitanda havikukosa mtu.