Barua kwa mwanangu aliyeko Saskatoon, Kanada

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma asubuhi, nikaurudia jioni mama yako akiwa kando. Unasema ulitoka zamu saa moja asubuhi, giza bado totoro, ukasimama kituo cha basi kwenye nyuzi 36 chini ya sifuri, machozi yakaganda kwenye kope. Ukauliza: "Baba, wewe ulivumiliaje miaka mitatu huku? Mimi kila siku nahesabu zimebaki ngapi kufika Juni."

Mwaka wa kwanza sikuvumilia, mwanangu. Sijawahi kukueleza.

Nilifika hapo Septemba 1985 kusomea kilimo cha ngano. Ilipofika Novemba nilitundika blanketi dirishani nisione nje. Ukutani nilikuwa na kalenda, kila jioni nafuta siku moja kwa kalamu nyekundu. Nilidhani nikijifungia na kusubiri, kiangazi kitanikuta humo humo. Nikawa nalala mchana, usiku macho makavu, chakula hakipandi. Barua kutoka nyumbani zilichukua wiki tatu. Februari nikatoka kwenda dukani bila kofia, mwendo wa dakika kumi na tano, na upepo wa nyika ile unaujua sasa. Sikio la kushoto likageuka jeupe, gumu kama mshumaa, wala halikuuma. Lilianza kuuma nilipoingia ndani likapata joto, nikalia peke yangu chumbani. Ile ncha yake ngumu uliyopenda kuichezea ulipokuwa mdogo ilitokana na siku ile.

Mwaka wa pili mwalimu wetu alinipa kazi kwenye mashamba ya chuo. Kule ngano nyingi hupandwa baridi ikishaisha, lakini ipo ngano ya majira ya baridi, tuliyokuwa nayo sisi ikiitwa Norstar. Inapandwa mwanzoni mwa Septemba katikati ya mabua ya zao lililovunwa, inaota kidogo, kisha theluji inaifunika. Mabua yanaishika theluji isipeperushwe. Kazi yangu ilikuwa kwenda mara mbili kwa wiki kupima joto la udongo pale mmea ulipojificha. Siku moja hewani ilikuwa nyuzi 34 chini ya sifuri. Nikapiga magoti, nikafukua theluji ya kina cha shubiri moja, nikachomeka kipimajoto: nyuzi 7 tu chini ya sifuri. Hatua kumi mbele, ambapo upepo ulikuwa umefagia theluji yote, kilisoma nyuzi 23 chini ya sifuri, na ngano ya pale ilikufa. Nilikaa nikaitazama ile namba mpaka mwenzangu akanipigia kelele turudi garini. Na ngano hiyo isipopitia wiki kadhaa za baridi haitoi masuke. Nilikuwa nimeyasoma yote hayo kitabuni, lakini siku ile ndiyo niliyaamini.

Kilichoniponya, mwanangu, ni kuwa na kazi ya kunitoa nje jua likiwa juu. Baridi ilikuwa ile ile, na kiangazi nilikitamani vile vile. Lakini nilianza kuona vitu. Theluji inayolia chini ya kiatu kama chumvi ya mawe. Jua lililosimama na wenzake wawili, mmoja kila upande, hewa ikimetameta kwa chembe za barafu. Ukiliona hilo mara moja hutalisahau.

Sasa nimepiga hesabu ya siku zako. Unalala jua halijachomoza, unaamka limeshazama. Tangu uanze zamu za usiku hujauona mchana wa mji huo! Hilo ndilo linaloniumiza, kuliko hata baridi yenyewe. Nakuomba uweke saa ikuamshe saa nane mchana, utembee nusu saa mpaka mtoni, kisha urudi ulale tena kidogo kabla ya kazi. Vaa glavu zile zinazoweka vidole vinne pamoja, vinapashana joto. Fulana ya pamba isiguse ngozi, ikilowa jasho inakugandisha. Tafuta ya sufu. Mafuta ya mgando mashavuni na kwenye midomo. Muulize mfamasia kuhusu vitamini D, maana jua la huko majira haya halitoshi kuitengeneza mwilini, na sisi wenye ngozi nyeusi tunapungukiwa zaidi. Na huzuni ikikukalia wiki mbili bila kuondoka, nenda kwa daktari. Mimi sikwenda, na nilikosea.

Kiangazi kinakuja. Desemba 21 jua lilizama kabla ya saa kumi na moja jioni. Sasa hivi, mwishoni mwa Januari, siku inaongezeka karibu dakika tatu kila kunapokucha. Aprili utasikia barafu ya mto ikipasuka. Juni jua litazama saa tatu na nusu usiku na hutajua uende kulala saa ngapi. Mbu watakuwepo pia, wengi kuliko wa huku kwetu. Julai nenda kandokando ya mto ukachume yale matunda madogo ya zambarau. Mji wenu umepata jina lake kutokana nayo, kwa lugha ya Wacree, wenyeji wa asili wa huko. Mimi nilikula mpaka meno yakabadilika rangi.

Mama yako anasema atakutumia kitenge kizito cha kujifunga ndani, na dagaa, akipata mtu wa kumbebesha.

Kesho ukifika darajani nipigie, unionyeshe mto. Huku itakuwa saa tano usiku. Nitakuwa macho.

Baba yako